Chumba cha Mama, Viyoyozi Viwili na Ndoo ya Maji

Mama yangu alizaliwa na kuzeekea Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mahali ambapo mwezi wa Julai watu wazima hukaa jikoni kuota moto na watoto huenda shuleni wamevaa sweta mbili. Januari 2023 tulimhamishia kwangu Sahare, Tanga mjini, kwa sababu kliniki yake ya presha na kisukari ilikuwa Bombo, na kushuka milima ile kwa gari kila baada ya wiki mbili kulikuwa kunammaliza nguvu. Ndugu tulikaa kikao, tukapanga nani atamleta, nani atanunua dawa na nani atamlipa msichana wa kumsaidia, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba tulikuwa tunamtoa mzee kwenye baridi na kumshusha pwani katikati ya kaskazi, wakati ambao hata sisi tuliozoea fukuto tunalala madirisha wazi na kuamka shuka limelowa jasho.

Wiki tatu za kwanza mama hakupata usingizi wa maana. Nilikuwa nikiamka saa nane za usiku na kumkuta ametandika kanga sakafuni, kwa kuwa saruji ilikuwa na ubaridi kuliko godoro, huku pangaboi ikizunguka kwa kasi yake yote na kumpulizia hewa ileile ya moto. Siku aliyoniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, nirudisheni kwangu, nikafie kwenye baridi yangu," ndiyo siku niliyoamua kununua kiyoyozi. Tangu siku ile hadi alipolala vizuri ilipita karibu miezi tisa. Fedha iliyopotea katikati ilipotea kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba sikujua kukadiria ukubwa wa mashine inayofaa chumba kile, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika mkubwa.

Chumba chenyewe kina futi 12 kwa 14, na kutoka sakafuni hadi darini ni futi 10. Dari ni la jipsam, na juu yake hakuna kitu isipokuwa bati. Madirisha ni mawili ya aluminiamu, moja linatazama magharibi na jingine kusini, na kuta ni za matofali ya saruji ya inchi sita. Wakati ule niliamini kwamba katika maelezo yote hayo yenye maana ni futi peke yake.

Dukani viyoyozi hutajwa kwa namba: 9,000, 12,000, 18,000, 24,000. Hizo ni BTU kwa saa, kipimo cha kizamani cha Waingereza, ambapo BTU moja ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Anayependa kipimo cha umeme ajue kwamba kilowati moja ni sawa na BTU 3,412 kwa saa, na kwamba namba hiyo ni ya joto ambalo mashine inaweza kulitoa chumbani, si ya umeme unaokula. Mimi ni mhasibu, nikaona kwamba jambo lenye namba ni jambo langu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Mdogo wangu wa kiume anaishi Uingereza, na majira yale ya baridi alikuwa anabadilisha rejeta za nyumba yake. Sisi huku rejeta tunaijua ya gari. Kule jina hilo hutumika pia kwa yale masanduku bapa ya chuma yanayofungwa ukutani, aghalabu chini ya dirisha, ambayo maji ya moto hupita ndani yake ili kupasha chumba joto. Alikuwa na kikokotoo kwenye simu, akanitumia: unaingiza urefu, upana na kimo cha chumba, unataja aina ya madirisha, kisha kinakupa BTU. Niliingiza vipimo vya chumba cha mama, jibu likaja 5,600. Nilifurahi kuona namba yangu inasema lugha moja na namba za dukani, nikanunua kiyoyozi cha 9,000 nikijihesabu kuwa nimeweka akiba ya kutosha. Nililipa shilingi 780,000, na fundi wa kufunga akachukua 120,000.

Kikokotoo kile hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kinajibu swali jingine. Anayetafuta ukubwa wa rejeta anauliza chumba kinapoteza joto kiasi gani usiku wa baridi kali, ili alirudishe joto hilo. Jua likiingia dirishani, watu wakijaa sebuleni, taa na televisheni zikiwaka, vyote hivyo humsaidia, kwa hiyo haoni haja ya kuvihesabu. Anayetafuta ukubwa wa kiyoyozi anauliza chumba kinaingiziwa joto kiasi gani mchana wa jua kali, na wale waliokuwa marafiki wa mwenye rejeta wote huwa maadui zake. Tena tofauti ya joto kati ya ndani na nje si moja: kule nje huweza kuwa chini ya sifuri wakati ndani wanataka digrii 20, ilhali Tanga nje kuna 32 na ndani tunataka 25, yaani tofauti ya digrii 7 tu. Kwa hesabu ya kuta peke yake, Tanga ingeonekana mji mwepesi sana kupozwa, lakini mzigo wenyewe hauji kwa njia ya kuta.

Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Februari ile nilichokijua ni kwamba rimoti inasema 24 na chumba kinasema 29. Kuanzia saa tisa alasiri mashine ilinguruma bila kupumzika, na ubaridi wa kweli ulipatikana saa nane za usiku, nao haukudumu, kwa sababu saa tatu asubuhi bati lilianza tena kazi yake. Kabla ya hapo nyumba yangu ilikuwa kwenye kundi la wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi, ambao hulipia umeme kwa bei nafuu; mwezi ule ule tukatoka kwenye kundi hilo na kuingia bei ya kawaida, ambayo wakati huo shilingi 10,000 zilitoa yuniti 28 hivi. Mashine ikiwaka tangu saa tisa alasiri hadi alfajiri ilikula yuniti 12, yaani zaidi ya shilingi 4,000 kila siku, na mama bado alikuwa analala sakafuni.

Kosa la pili nililifanya kwa hasira. Nilirudi mjini, nikaingia duka jingine, na muuzaji aliposikia masaibu yangu alinionea huruma ya dhati. "Mama, joto la Tanga si la kuchezea," alisema. "Chukua 24,000, umalize kazi." Hakuuliza bati, hakuuliza dirisha, hakuuliza wanalala wangapi. Nami sikumtaka aulize, kwa kuwa nilikwisha kuamini kwamba tatizo ni udogo, na dawa ya udogo ni ukubwa. Nililipa 2,050,000, nikalipa 150,000 za kufunga, na 185,000 za kuvuta waya mpya wa milimita 4 na kuweka breka yake, kwa sababu waya uliokuwepo usingebeba mashine ile bila kuchemka. Kiyoyozi cha 9,000 kikashushwa, kikaingizwa stoo ndani ya boksi lake.

Usiku wa kwanza mama alijifunika blanketi. Nilisimama mlangoni kwake kama mtu aliyeshinda kesi.

Masika yalipoanza, mambo yakageuka. Nje joto lilishuka hadi 27 na mvua ikawa ya kila siku. Mashine ilikuwa inawaka kwa kishindo, taa za nyumba nzima zikififia kwa nukta moja, inapuliza hewa ya barafu kwa dakika nne, inazima. Baada ya dakika kadhaa inawaka tena. Kipimajoto kilisoma 23, lakini shuka lilikuwa na unyevunyevu kama lililoanuliwa kabla ya kukauka. Mama akaanza kulalamika kwamba anasikia baridi na jasho kwa wakati mmoja, jambo ambalo mimi, Mungu anisamehe, nililichukulia kuwa ni la uzee. Mwezi wa Mei tulipovuta kabati tukakuta ukungu mweusi ukutani nyuma yake, viatu vyake vya ngozi vimeota manyoya ya kijani, na msala wake unanuka. Alikuwa amekwisha kuanza kukohoa. "Chumba hiki," aliniambia, "kinanuka kama mapango ya Amboni."

Aliyetutoa gizani ni fundi mzee wa Ngamiani ambaye nilimwita kwa ajili ya kusafisha mashine tu. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye vyumba vya kugandishia samaki, na naamini ndiyo sababu anafikiri tofauti na mafundi waliozoea kufunga na kuondoka. Kabla ya kufungua kisanduku chake aliomba ndoo. Akaiweka chini ya bomba la kutolea maji, akasema mtu asiiguse ndoo wala mashine hadi kesho yake. Asubuhi ndoo ilikuwa na lita mbili na kidogo kwa usiku mzima wa mvua, naye akatikisa kichwa. "Mashine hii ina nguvu nyingi kuliko chumba," alisema. "Inapoza hewa haraka, inazima kabla haijakausha. Joto la Tanga nusu yake ni maji, dada yangu; asiyetoa maji hajatoa joto."

Alinifafanulia hivi. Ndani ya kiyoyozi kuna mapezi ya alumini yanayopozwa na gesi. Hewa ya chumba ikipita juu yake hupoa, na mvuke uliomo hugeuka matone, hushuka kwenye kisahani na kutoka nje kwa bomba. Lakini mapezi yanahitaji muda kupoa vya kutosha na matone yanahitaji muda kukusanyika na kudondoka. Mashine kubwa mno hufikisha chumba kwenye digrii zilizoagizwa na rimoti ndani ya dakika chache, kompresa ikazima, na maji yaliyokwishashikwa na mapezi yakavukizwa tena na feni inayoendelea kuzunguka, yakarudi chumbani. Matokeo yake ni hewa baridi yenye unyevu mwingi, na hewa ya namna hiyo ndiyo ukungu unayoipenda. Nilinunua kipimaunyevu cha shilingi 30,000, nikakiweka juu ya kabati: digrii 23, unyevu asilimia 79. Kifaa hicho ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa nilivyonunua katika mkasa huu, na ndicho ambacho ningepaswa kukinunua kwanza.

Mzee huyo ndiye aliyenieleza pia kwa nini mafundi wa majokofu husema "tani moja" wakiwa na maana ya BTU 12,000. Zamani upoozaji ulipimwa kwa barafu: tani ya Kimarekani, yenye ratili 2,000, ikiyeyuka polepole kwa saa 24 hunyonya BTU 288,000, na ukigawa kwa 24 unapata 12,000 kamili. Kwa hiyo mashine yangu ya 24,000 ilikuwa sawa na kupanga tani mbili za barafu kila siku pembeni ya kitanda cha bibi mmoja mwenye kilo 52.

Tulikaa naye barazani na daftari, tukahesabu chumba upya. Nitaeleza hesabu ile kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na mtu yeyote mwenye tepu na kipimajoto anaweza kuifanya. Tulichukua saa tisa ya alasiri ya siku ya jua kali, wakati mzigo unapokuwa mkubwa. Tulianza na dari, na hapa alinitaka nipande ngazi niingize kipimajoto kwenye kitundu cha kupandia darini: kilisoma 47. Jipsam tupu hupitisha kama wati 3 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti. Chumba kina mita za mraba 15.6 na tofauti kati ya 47 na 25 ni digrii 22, hivyo darini peke yake zilikuwa zinashuka wati 1,000 na ushee. Nilikuwa nimelaza mama chini ya pasi.

Dirisha la magharibi lilifuata. Kioo cha kawaida kinachopigwa na jua la alasiri hupitisha kama wati 400 kwa kila mita ya mraba, na dirisha lile lina mita 1.8, kwa hiyo wati 720. La kusini lina ukubwa uleule, lakini upenu wa paa hulifunika, tukaliandikia 150. Wakazi wa Tanga waliangalie hili vizuri: tuko digrii 5 kusini mwa ikweta, na katika miezi yetu ya joto, Novemba hadi Februari, jua la adhuhuri huwa limeelemea kusini, wala si kaskazini kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo jua la kusini huwa juu sana na upenu mpana huliweza. La magharibi huja limeinama, linapita chini ya upenu na kufika hadi kitandani.

Kuta mbili za nje tuliziandikia wati 700, na karibu nusu ya hizo ni kwa sababu ukuta wa magharibi huunguzwa na jua, si kwa sababu ya hewa ya nje. Watu wawili, mama na msichana anayelala naye, 230; mwili wa mtu aliyetulia hutoa joto linalozidi kidogo balbu ya zamani ya wati 100. Taa na televisheni 100. Kisha hewa inayopenya kwenye mianya ya madirisha na chini ya mlango. Hapo mzee alinionyesha jambo ambalo vikokotoo vya rejeta havina sababu ya kulijua. Hewa ya nje ya Februari, ikiwa na digrii 32 na unyevu wa asilimia 70, hubeba gramu 21 hivi za maji kwa kila kilo ya hewa, na hewa tunayoitaka ndani, digrii 25 na unyevu wa asilimia 55, hubeba 11 tu. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja kwa saa, ni zaidi ya nusu lita ya maji inayoingia kila saa bila mtu kuiona. Mzigo wa hewa hiyo ulikuwa wati 500, na katika hizo 400 zilikuwa za kuugeuza mvuke kuwa maji.

Jumla ikawa wati 3,400, sawa na BTU 11,600. Nilikaa kimya. Mashine ya kwanza ilikuwa na uwezo wa wati 2,640, pungufu kwa karibu 800; ya pili ilikuwa na wati 7,000, zaidi ya mara mbili, na usiku wa masika, wakati hakuna jua na bati limepoa, ilikuwa kubwa mara tano au sita. Mafundi wengi huzidisha mita za mraba kwa BTU 600. Kwangu kanuni hiyo ingetoa 9,360, na ningeishia kulekule kwenye udogo, kwa sababu kanuni haijui kwamba dari lako halina kitu juu yake. Nami siidharau, kwa kuwa ni bora kuliko huruma ya muuzaji.

Jibu la wazi lilikuwa kununua kiyoyozi cha tatu, cha 12,000, na nilikwisha kuanza kukitafutia fedha. Mzee aliniuliza kwa nini nataka kulipia umeme wa kupambana na bati kila siku ya maisha yangu. Septemba, kabla joto halijarudi, tukafanya kazi ambayo mimi ningeifanya kwanza kama ningeanza upya leo. Tulitandaza juu ya dari, chini ya mbao za paa, karatasi nzito ya kung'aa upande unaotazama chini, tukaacha nafasi ya hewa, na tukatoboa matundu yenye wavu kwenye kuta za pembetatu za pande mbili za paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea; vifaa na ufundi 340,000. Dirisha la magharibi tulilijengea kivuli cha makuti kwa nje, 60,000, kwa sababu pazia la ndani huzuia mwanga lakini joto linakuwa limekwisha kuingia. Ukuta wa upande ule ukapakwa chokaa nyeupe kutoka kwenye ndoo iliyobaki. Mianya ya madirisha na chini ya mlango tuliiziba kwa mpira, 25,000, ila hatukukaba kila tundu, maana watu wanaolala ndani wanahitaji hewa.

Tulirudia hesabu. Dari likashuka hadi 400, dirisha la magharibi 200, kuta 550, hewa 350, na vingine vikabaki palepale. Jumla wati 1,980, yaani BTU 6,750 hivi. Tuliangaliana. Mashine iliyofaa ilikuwa stoo, ndani ya boksi lake, imefunikwa na magunia ya mkaa.

Kuirudisha kuligharimu 100,000 za kufunga na 60,000 za gesi, kwa sababu aliyeishusha aliiachia gesi yote hewani badala ya kuifungia kwenye mashine ya nje. Anayeshushiwa kiyoyozi asimame pale na kuuliza swali hilo. Ile ya 24,000 niliiuza kwa 1,200,000 kwa mwenye saluni yenye vikaushio sita vya nywele, ambaye kwa kweli anaihitaji. Ukijumlisha ununuzi, waya na ufundi wake, hasara ya mashine hiyo peke yake ni 1,185,000, karibu mara tatu ya fedha yote niliyotumia kwenye dari, kivuli na mianya.

Februari 2024 ilikuwa ndiyo mtihani. Saa tisa alasiri chumba kilisimama kwenye 26, unyevu asilimia 58, kompresa ikipumzika mara mbili au tatu kwa saa. Usiku tuliweka rimoti 26 na pangaboi kwenye mwendo mdogo, na mama hakutaka zaidi ya hapo. Upepo juu ya ngozi humfanya mtu ajisikie yuko kwenye baridi zaidi ya inayosomeka kwenye kipimo, na pangaboi haili hata sehemu ya kumi ya umeme wa kiyoyozi. Ndoo asubuhi ilikuwa na lita sita. Umeme ulikuwa yuniti 6 au 7 kwa siku, karibu nusu ya mwaka uliotangulia, kwa mashine ileile. Kikohozi kilikwisha tangu Oktoba, baada ya ukuta kukwanguliwa na kupakwa rangi upya.

Watu wameniuliza kama mashine ya inverta ingeniokoa. Ingenisaidia kiasi, kwa kuwa inverta hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuzima na kuwaka, na hivyo husamehe ukubwa uliozidi kidogo. Lakini nayo ina mwendo wa chini ambao haiwezi kushuka zaidi, na ya 24,000 ndani ya chumba cha mzigo wa 6,750 ingeufikia mara moja. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa nje kukiwa na digrii 35 na ndani 27. Ukifunga mashine ya nje kwenye kona isiyo na hewa, juu ya bati, au ukaiacha iliwe na chumvi ya bahari kama ilivyo huku Sahare, haitakupa namba hiyo. Yangu iko upande wa mashariki, na kila baada ya wiki mbili huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mdogo wangu naye, nilipomsimulia, alikiri kwamba rejeta zake mpya hazipashi. Kumbe kule namba ya boksi hupimwa maji yakiwa na wastani wa digrii 70 na chumba 20, pengo la digrii 50, na yeye alikuwa amefunga mtambo mpya unaotumia maji ya wastani wa 45. Pengo likibaki 25, rejeta ileile hutoa kama asilimia 40 tu ya kilichoandikwa. Nilimtumia kurasa za daftari langu, naye akanitumia picha ya mkewe amevaa koti sebuleni.

Sasa watoto wanataka kiyoyozi cha sebule. Nimeipima: futi 16 kwa 22, dari tupu, mlango unaofunguliwa kila dakika, na Jumapili hatupungui wanane. Hesabu inanipa BTU 22,000 na ushee, yaani ileile mashine niliyomuuzia mwenye saluni. Nimewaambia wasubiri kwanza tufanye dari, kisha tutahesabu tena.